Bendera Ukumbini Hazitoshi

Skuli za kimataifa hapa Maskati huwa na siku yao ya mataifa: bendera ukumbini, vyakula mezani, picha kwa wazee. Jambo zuri. Lakini kesho yake mtoto wetu akitamka neno la Kiswahili uwanjani anachekwa, na akirudi nyumbani hataki tena kumjibu bibi yake kwa lugha hiyo. Huko siko kukubaliwa, ni kufanywa pambo.

Wengi wetu ni watu waliorudi Oman baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje. Tukaitwa Wazanzibari, na si kila mara neno lile lilitamkwa kwa heshima. Uchungu wa kutengwa basi tunaujua.

Wazee wenzangu, tudai mambo mawili. Kwanza, Kiswahili kifundishwe. Cambridge wana mtihani wake katika IGCSE, na UNESCO imekiwekea siku, 7 Julai. Ati skuli zimefunga? Basi iadhimishwe kabla ya likizo. Pili, iwepo kanuni iliyoandikwa dhidi ya kejeli za rangi na asili, na kila mwalimu aifuate.

Lakini nasi tujitazame. Mtoto anayesikia barazani kwetu mtu akidharauliwa kwa weusi wake, au mtumishi akiitwa kwa kelele, ataipeleka dharau hiyo darasani. Hatuwezi kudai haki kwa mkuu wa skuli huku tunawanyima wengine majumbani mwetu.