Simu ya Zamani Nayo Ina Haki ya Kulindwa

Ndugu na dada, hebu toa simu yako uangalie: ni Android namba ngapi? Hapa Kathonzweni wengi wetu tumenunua mkono wa pili, ama tumerithi kwa kaka aliye Nairobi. Inapiga, inatuma M-Pesa, basi tumeridhika.

Sasa sikizeni. Mwaka 2014 mtafiti wa Pakistan, Rafay Baloch, alifichua tundu kwenye brauza iliyokuja na simu za Android za kabla ya toleo la 4.4. Kwa kawaida brauza huweka ukuta kati ya tovuti na tovuti, ndio ukurasa wa umbea usiweze kusoma ukurasa wa benki ulioufungua kando. Baloch alionyesha kwamba herufi moja tupu ikitangulia maagizo ya JavaScript, ukuta unaanguka. Ukibonyeza linki mbovu, mwenye linki anapenyeza maagizo yake ndani ya tovuti nyingine, anasoma barua pepe zako, ama anaiba ile alama inayoiambia tovuti kuwa huyu ni wewe. Nenosiri hata halihitaji! Wataalamu huita mchezo huu XSS.

Tundu lenyewe halikuniudhi, programu zote zina makosa. Kilichoniudhi ni Januari 2015, ilipojulikana kuwa Google haitengenezi tena viraka vya WebView, kile kipande kinachofungua kurasa ndani ya programu, kwa Android 4.3 kurudi nyuma. Kampuni ya Rapid7 ilikadiria simu zaidi ya milioni 930. Ushauri ukawa: tumieni Chrome au Firefox. Sawa, lakini programu zingine simuni ziliendelea kutegemea kipande kilekile.

Msiseme hayo ni ya kale. Tangu mwisho wa 2023 Chrome yenyewe haitoi matoleo mapya kwa Android 7.

Na serikali imetuhamishia huduma eCitizen. Huwezi kumlazimisha mama wa kijijini aingie mtandaoni, halafu simu aliyoimudu iwe haina kinga. Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa faragha, hakikuuliza simu ni ya bei gani. Muuzaji alazimishwe kutuambia, kabla hatujalipa, simu itapata viraka hadi mwaka gani.

Kwa sasa sasisha brauza, na ukimaliza eCitizen kwa saiba bonyeza kutoka, usifunge dirisha tu. Kama hujui pa kubonyeza, tutafute, njoo na simu tuangalie pamoja.