Aliyepona Naye Ana Haki

Kenya ina Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani tangu mwaka 2012. Miongoni mwa malengo yake ni kupiga marufuku ubaguzi dhidi ya watu wenye saratani, kulinda siri zao na kuwahakikishia huduma za afya na za kijamii. Ni sheria njema, na ndiyo iliyozaa Taasisi ya Kitaifa ya Saratani. Hata hivyo, kuna swali ambalo haikulijibu waziwazi, nalo ndilo lililotusukuma kuandika haya: aliyemaliza matibabu akapona ni nani mbele ya sheria?

Tuseme kuna mwanamke aliyeondolewa titi miaka sita iliyopita. Leo anaomba bima, na kwenye fomu anaulizwa kama amewahi kuugua saratani. Akijitetea kwamba ameshapona, huenda akaambiwa kuwa ulinzi wa mtu mwenye saratani haumhusu tena. Akishikilia kwamba angali mtu mwenye saratani, ameipa kampuni ya bima sababu ya kumpandishia malipo au kumkataa. Kote kuwili anaumia.

Ufaransa walilikata shauri hili. Sheria yao ya 2016 ilimruhusu manusura kutotaja saratani anapoomba bima ya mkopo, mradi miaka 10 imepita tangu amalize matibabu na ugonjwa haujarudi. Februari 2022 wakaishusha hadi miaka 5. Zaidi ya hapo, wakafuta maswali yote ya afya kwa mkopo wa nyumba usiozidi yuro 200,000 kwa mtu mmoja, ikiwa utalipwa wote kabla mkopaji hajatimiza miaka 60. Ubelgiji, Ureno, Uhispania na Italia nazo zina sheria za namna hiyo.

Fomu ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine imo mwilini. Mwanamke aliyetolewa tezi za kwapani anaweza kuvimba mkono hata baada ya miaka, na ndoo ya maji aliyokuwa akiibeba bila kufikiri ikamshinda. Aliyekatwa utumbo mpana huenda akaishi na kifuko cha choo tumboni maisha yake yote. Kifuko kinahitaji kubadilishwa kila baada ya siku chache, na asiye na pesa hujifunga matambara na kuacha kwenda kanisani, msikitini na sokoni. Wengine humeza dawa ya tamoksifeni kila siku kwa miaka 5, hata 10. Mzigo huu nao una sheria kwingine: Marekani, tangu 1998, bima inayolipia kuondolewa titi inalazimika kulipia pia kulitengeneza upya, titi bandia na matibabu ya mkono uliovimba.

Kwetu Kenya, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya bima ya taifa ya hospitali (NHIF) mnamo Oktoba 2024, huduma za saratani zilitengewa shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka. Kwa kaya, si kwa mtu. Mama akiwa anafuatiliwa na daktari, na baba naye akagunduliwa na saratani mwaka huohuo, wote wawili wanakula chungu kimoja. Katika hali hiyo ni rahisi kukisia ni nani ataahirisha kliniki yake.

Wapo watakaosema kwamba nchi ambayo wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekomaa haina nafasi ya kuwafikiria waliopona. Tunaona kinyume. Kuzikataza kampuni za bima na waajiri kubagua hakuhitaji mashine wala dawa. Saratani iliyorudi ikigunduliwa mapema huwa na njia nyingi zaidi za kutibiwa. Tena hakuna tangazo linalomtoa mtu hofu ya kupimwa kama jirani aliyepona, anayefanya kazi yake na kulipa mkopo wake bila kujificha.

Kwa hiyo tunawaomba wabunge wairekebishe sheria ya 2012 kwa mambo matatu: imtaje manusura kwa jina na kumkinga dhidi ya ubaguzi, iweke muda ambao ukipita hakuna anayeruhusiwa kumuuliza habari za saratani, na kliniki za ufuatiliaji pamoja na vifaa vya manusura vitengewe fungu lao, mbali na la matibabu. Nawe msomaji, mwulize mbunge wako ana msimamo gani, na umwulize kabla hajaja kukuomba kura.