Kiwiliwili Kwanza, Miguu Baadaye

Ukimwuliza mzazi wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anamtakia nini mwanawe, jibu la kwanza karibu siku zote ni moja: "Nataka atembee." Hatumlaumu. Kila mzazi angesema hivyo hivyo. Lakini katika ukurasa huu tunapenda kusema wazi kwamba hamu ya kuiona miguu ikitembea, ikitangulia mno, humchelewesha mtoto. Kabla ya kuuliza habari za miguu, tuulize habari za kiwiliwili: je, mtoto huyu anaweza kukaa?

Bibi mmoja alituletea mjukuu wake wa miaka minne. Kwa miaka miwili alikuwa akimkanda miguu kwa mafuta kila jioni, kwa upendo na uvumilivu mkubwa. Lakini mchana kutwa mtoto alishinda amelala chali, na uji alinyweshwa akiwa amelala hivyo hivyo. Alipaliwa mara kwa mara, na katika mwaka mmoja alilazwa mara mbili kwa nimonia. Hakuna mtu aliyekuwa amemweleza bibi yule kwamba kazi ya kwanza ilikuwa kumsaidia mtoto akae.

Mtindio wa ubongo ni nini?

Ni hali inayotokea pale ubongo wa mtoto unapodhurika ukiwa bado unakua: tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza ya maisha. Huweza kusababishwa na kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa uzazi, manjano makali ya mtoto mchanga, homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Si laana, si uchawi, wala si adhabu ya kosa la mama. Haiambukizi. Dhara lenyewe la ubongo haliendelei kuongezeka, lakini mwili usiotunzwa huzidi kukakamaa na kupinda kadiri mtoto anavyokua.

Kiwiliwili ni sehemu ya mwili kati ya shingo na nyonga: kifua, tumbo na mgongo. Hiyo ndiyo nguzo. Mkono hauwezi kushika kijiko vizuri kama bega linayumba, na bega halitulii kama mgongo umelegea. Mtoto asiyeweza kushika kiwiliwili chake humeza kwa shida na hupumua kwa shida. Tena haoni dunia ila dari la chumba. Mtoto anayekaa huona nyuso za watu, hutumia mikono yake, na watu huanza kuzungumza naye. Waganga wana kipimo cha zamani wanachokitumia mpaka leo: mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayeweza kukaa mwenyewe anapofikia miaka miwili ana matumaini makubwa ya kutembea baadaye. Kwa hiyo hata yule anayetamani miguu, njia yake inapita kwenye kiwiliwili.

Kukaa hufundishwa

Mwaka 1976 mtafiti Mmarekani, Charles Super, alieleza jinsi akina mama wa Kipsigis nchini Kenya walivyowafundisha watoto wao kukaa. Walichimba kishimo kifupi ardhini, wakamkalisha mtoto humo na kumwekea nguo za kumwegemeza. Watoto hao walikaa mapema kuliko watoto wa Kizungu aliowalinganisha nao. Wazee wetu hawakungoja mtoto akae kwa bahati. Ikiwa mtoto mzima hufaidika kwa kufundishwa, je, si zaidi huyu ambaye ubongo wake umepata dhara?

Wataalamu nao wamejifunza jambo. Kwa miaka mingi wengi walifuata njia ya Berta na Karel Bobath wa London, ambao tangu miaka ya 1940 walifundisha namna ya kumshika na kumwongoza mtoto. Mwaka 2013 Iona Novak na wenzake wa Australia walikusanya na kupima tafiti nyingi zilizofanywa juu ya matibabu ya hali hii. Waliona kwamba kinachosaidia zaidi ni mazoezi ambayo mtoto mwenyewe anajitahidi kufikia kitu anachokitaka, pamoja na mazoezi ya nyumbani yaliyopangwa vizuri. Kumnyoosha na kumkanda mtoto aliyelala tu hakumfundishi kujimudu. Kwa maneno mengine, mtoto ndiye afanye kazi, nasi tumsaidie pale anapokwama.

Mazoezi ya nyumbani

Kwanza mpelekeni mtoto kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali iliyo karibu, awaonyeshe kwa mikono yake yanayomfaa mtoto wenu, maana watoto hawa hawafanani. Kisha haya yanaweza kufanyika juu ya mkeka, dakika chache chache, mara kadhaa kwa siku.

1. Kulala kifudifudi. Viringisha blanketi au kanga kadhaa, uziweke chini ya kifua cha mtoto, mikono yake ikielekea mbele. Weka mbele yake kitu cha kumvutia, kama gunzi lenye rangi au kifuniko cha sufuria kinachong'aa. Akiinua kichwa kukitazama, mgongo wake unafanya kazi. Usimwache peke yake hata kidogo.

2. Kujigeuza. Akiwa chali, kunja goti moja na uongoze nyonga yake taratibu kuelekea upande wa pili. Kisha ngoja. Mwache amalizie mwenyewe kuuleta mkono na kichwa.

3. Kupanda farasi. Kaa chini, miguu umeinyoosha, umpakate mtoto juu ya paja moja, mguu wake mmoja huku na mwingine huku. Mshike mbavuni. Inua paja lako kidogo upande mmoja, kisha mwingine, polepole, naye ajitahidi kurudi wima. Akipata nguvu, teremsha mikono yako hadi kiunoni, na baadaye hadi nyongani. Kadiri unavyomshika chini zaidi, ndivyo anavyofanya kazi zaidi.

4. Kukaa na kufikia. Mkalishe kwenye kigoda kifupi, nyayo zote mbili zikigusa chini. Mwambie achukue ndizi iliyo mbele, kisha iliyo kulia, kisha iliyo kushoto. Kila akiinama na kurudi, kiwiliwili kinajifunza.

Kubeba nako ni zoezi. Mtoto aliyekakamaa, ambaye miguu yake hupishana kama mkasi, hufaidika akibebwa mgongoni kwa mbeleko au ubavuni huku miguu imetengana. Asibebwe amenyooka kama gogo.

Tahadhari. Usilazimishe kiungo kilichokakamaa. Sukuma taratibu au acha. Usimvute mtoto kwa mikono kutoka chini ikiwa kichwa chake kinaanguka nyuma. Usifanye mazoezi mara tu baada ya kula. Mwenye kifafa asikatishwe dawa zake kwa kuwa ameanza mazoezi. Akilia kwa maumivu ya nyonga, mrudisheni hospitali haraka.

Kiti na chakula

Kiti si anasa. Kiti kinachofaa humfanya mtoto akae nyonga, magoti na vifundo vya miguu vikiwa vimekunjwa sawasawa kama pembe ya meza, nyayo zikiwa na mahali pa kukanyaga. Mkanda upite nyongani, usimbane kifua. Nchini Zimbabwe, Bevill Packer alieneza ufundi wa kutengeneza viti vya namna hii kwa maboksi ya karatasi na magazeti makuukuu yaliyogandishwa kwa uji wa unga, na ufundi huo umefika nchi nyingine za Afrika. Kiti kikikauka vizuri na kupakwa vanishi ni imara. Fundi seremala naye anaweza kutengeneza cha mbao kwa vipimo vya mtaalamu.

Na chakula je? Tunasisitiza: mtoto asilishwe akiwa amelala. Akae wima, kichwa kikielekea mbele kidogo, na aliyemlisha akae mbele yake, si juu yake. Baada ya kula abaki wima kwa nusu saa. Hili peke yake linaweza kumwepusha na kupaliwa kunakoleta nimonia.

Muda hautungoji

Mwaka 2002 Peter Rosenbaum na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia watoto 657 wenye mtindio wa ubongo katika jimbo la Ontario, Kanada. Watoto wengi walikuwa wamefikia karibu asilimia 90 ya uwezo wao wa mwendo kabla ya kutimiza miaka mitano, na wale walioathirika zaidi mapema kuliko hapo. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa mwaka mmoja asiyeshika shingo asingojwe kwa kuambiwa, "Atakua tu." Lakini aliyevuka miaka mitano naye asiachwe: kukaa vizuri kutamlinda mgongo, mapafu na heshima yake maisha yote.

Hapa tunataka kusema neno kwa akina baba. Mara nyingi tunaona mama au bibi peke yake na mtoto huyu, na baba amejitenga kama mgeni. Mtoto wa miaka sita ni mzito. Mgongo wa mama nao ni mgongo. Mkono mmoja haulei mwana. Baba anaweza kumpandisha farasi jioni na anaweza kuukata ubao wa kiti. Majirani katika jumuiya ndogo ndogo wanaweza kupokezana nusu saa mara mbili kwa juma ili mama apumzike. Na watoto wengine wa nyumbani ndio walimu bora kuliko wote, kwa sababu kwao zoezi ni mchezo.

Yule mjukuu wa bibi sasa ana miaka sita. Hatembei, na hatuwezi kuahidi kwamba atatembea. Lakini huketi katika kiti chake cha boksi wakati wa chakula cha jioni, hushika kipande cha muhogo kwa mkono wake, na mtu akiingia mlangoni yeye ndiye wa kwanza kugeuza kichwa na kucheka. Tangu alipoanza kulishwa ameketi hajalazwa tena kwa nimonia. Bibi bado anamkanda miguu jioni, nasi hatukumkataza. Ila sasa humkanda baada ya mazoezi, si badala yake.

Wazazi wapenzi, kama nyumbani kwenu au kwa jirani yuko mtoto anayeshinda amelala chumbani, leo hii mtoeni nje, mpakateni, mumwache ajitahidi kukaa. Anzeni na dakika tano.