Baki la hesabu halitupwi

Mwanao akileta daftari la hesabu lenye alama ya kosa, usimkaripie kabla hujalisoma swali. Huenda kugawanya anajua sana. Kinachomtatiza ni baki: alifanyie nini?

Tuseme wanafunzi 130 wa Kibera wanakwenda kutazama maonyesho ya kilimo pale Jamhuri Park. Kila matatu hubeba abiria 14, kama Nissan zilivyoamriwa tangu kanuni za marehemu John Michuki zilipoanza kutekelezwa Februari 2004. Zinahitajika matatu ngapi? Mtoto hugawanya 130 kwa 14, akapata 9, baki 4. Akiandika 9, basi amewaacha wenzake wanne barabarani! Jibu ni 10.

Sasa twende Kawangware. Una shilingi 100, na andazi moja ni shilingi 15. Utanunua mangapi? 100 kwa 15 ni 6, baki 10. Hapa huongezi kitu, kwani muuzaji hatakupa andazi la saba kwa shilingi 10. Jibu ni 6. Lakini swali likiuliza chenji, baki hilo hilo ndilo jibu.

Na chapati 6 zikigawiwa watoto 4? Kila mmoja hupata 1, baki 2. Hizo mbili zikate nusu nusu, na kila mtoto atakula moja na nusu.

Umeona, msomaji? Kugawanya ni kule kule, ila swali ndilo linaloamua kazi ya baki.

Wala shida hii si ya mitaa yetu pekee. Huko Marekani, katika matokeo ya mtihani wa taifa yaliyochapishwa mwaka 1983, watoto wa miaka 13 waliulizwa ni mabasi mangapi yatakayobeba askari 1,128, kila basi likichukua 36. Wengi waligawanya sawasawa: 31, baki 12. Waliojibu mabasi 32 walikuwa takriban robo tu.

Basi jioni ukichagua maharagwe, mpe mwanao punje 23 azipange mafungu ya tano tano. Zitasalia 3. Mwulize kwa Kiswahili, au kwa lugha mnayozungumza nyumbani: "Kama hizi ni watu na kila fungu ni gari, hawa watatu watakwenda na nini?" Akielewa, ndipo arudi kwenye swali la Kiingereza.

Tena aandike jibu kwa sentensi kamili: "Tunahitaji matatu 10." Akiisoma kwa sauti, kosa atalisikia mwenyewe.