Kabla Hujaingiza Jiko Ndani, Uliza Keja Yako Inaumwa Wapi

Wacha niseme kitu ambacho wenye ploti hawatapenda: baridi nyingi tunayosikia kejani mwezi wa saba haitoki mbinguni. Inatoka kwa nyumba. Ndiyo, Thika iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na Julai hapa Kiganjo jua linaweza kukosa kuonekana hadi saa sita. Hiyo siwezi kubishana nayo. Lakini mbona katika ploti moja, jengo moja, kuna jirani analala na shuka moja na wewe uko na blanketi tatu, soksi na kofia?

Kuna video za mafundi wa Marekani huwa natazama. Nyumba zao kubwa zina mashine moja ya joto na baridi, lakini nyumba imegawanywa kwa kanda. Kila kanda ina thermostati yake, na ndani ya njia za hewa kuna vifuniko vinavyofunguka na kujifunga kulingana na kanda inayotaka joto. Mteja akipiga simu kulia kwamba ana baridi, fundi mzuri hakimbilii kufungua mashine. Anauliza kwanza: ni chumba kimoja au ni nyumba nzima? Kama ni chumba kimoja, kuna uwezekano mkubwa mashine iko sawa, shida ni thermostati, waya au kifuniko cha kanda hiyo. Kama ni nyumba nzima, hapo sasa anaangalia stima, chujio la hewa na mashine yenyewe.

Sisi mashine hiyo hatuna. Lakini hilo swali ni la bure, tulichukue.

Utaniambia, “Msee, mimi nakaa bedsita, kanda zitatoka wapi?” Bedsita ina kuta nne, sakafu na paa. Hizo ni kanda sita. Twende nazo.

Anza na jua. Simama ukiangalia linakochomoza. Mkono wako wa kushoto ni kaskazini. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta, kwa hivyo kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Maana yake ukuta wa kusini haupati jua la mchana msimu wote wa baridi. Kama kitanda chako kimegusa ukuta huo, na ni ukuta wa nje, unalala ukiwa umeegemea friji. Kisukume hadi ukuta wa ndani, ule mnaoshiriki na jirani. Gharama yake ni jasho la dakika kumi. Ikifika Desemba jua linahamia kusini na mambo yanageuka: chumba kilichokuwa friji kinapikwa, na hapo ndipo watu wanakimbilia feni wakati pazia zito upande huo lingetosha kuanza nalo.

Paa. Kama uko chini ya mabati bila dari, usiku joto lako linapanda na kupotelea huko juu, na alfajiri unaamshwa na matone. Si mvua. Ni pumzi yako na mvuke wa chai ya jioni uliogonga bati baridi. Mchana wa Februari bati hilo hilo linakuchoma. Hapo hakuna hita wala feni itakayokuokoa kwa bei ya maana, dawa ni dari. Na dari si kazi ya mpangaji.

Upepo na unyevu. Usiku funga kila kitu, chukua kipande chembamba cha tishu, kipitishe polepole kwenye kingo za dirisha na chini ya mlango. Kikicheza, umepata mwanya. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya mlango, kioo chenye ufa kipige picha. Lakini yale matundu ya hewa yaliyojengwa juu ya dirisha usiyazibe, hasa kama unapikia gesi humo humo unamolala. Ukuta nao ushike kwa kiganja. Ukiwa na unyevu sehemu moja tu, fuata unapoanzia. Mara nyingi utakuta bomba au bafu la jirani nyuma yake. Na kama unaanika jinzi ndani, maji yote ya hiyo jinzi yanabaki kwa hewa unayolalia.

Halafu kuna stima, kanda ambayo ploti nzima inashiriki. Shawa ya moto ikitoa maji baridi asubuhi, watu wanasema imeungua. Ngoja kwanza. Shawa ya wati 5,500 ikipitisha lita 3 kwa dakika inaweza kupandisha joto la maji kwa kama digrii 26. Ukifungulia hadi lita 6, inapandisha 13 tu. Julai maji yanaingia yakiwa baridi zaidi, kwa hivyo punguza bomba. Bado? Angalia taa. Zikififia kila jirani akioga, stima inashuka kwa laini. Volti 240 zikishuka hadi 200, shawa inapoteza karibu theluthi moja ya nguvu zake. Hapo shawa yako haina kosa, ni waya wa ploti umelemewa. Na ukiona breka inaruka au unasikia harufu ya plastiki, zima na uite fundi wa stima. Usiguse hapo mwenyewe, na usikubali keateka akuwekee breka kubwa juu ya waya ule ule mwembamba.

Sasa tuongee doh. Kampasi niliacha, kwa hivyo sijifanyi injinia, hii ni hesabu ya kuzidisha tu. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa 3 kila jioni ni uniti 6. Kwa siku 30 ni uniti 180. KPLC inapanga wateja wa nyumbani kwa madaraja: chini ya uniti 30 kwa mwezi, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100. Hita peke yake imeshakupeleka daraja la juu, ambako kila uniti ni ghali zaidi. Chukua bei ya tokeni zako za mwisho uzidishe. Kisha ukumbuke unapasha joto chumba ambacho kinalitoa nje kupitia dirisha lisilofunga. Unalipa kodi ya nyumba, halafu unalipa tokeni kwa sababu ya makosa ya nyumba hiyo hiyo.

Ndiyo maana wengi wanarudi kwa jiko. Na hapa sicheki na mtu. Kila msimu wa baridi tunasikia habari zile zile: familia ililala na jiko ndani, asubuhi hawakuamka. Uongo unaoua watu ni huu: “Makaa yakishashika vizuri hayana moshi, yako salama.” Makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu yako kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea, na ukiwa usingizini hata hizo dalili huzioni. Ukizisikia na kuna jiko ndani, toka nje kwanza, muite kila mtu atoke, kisha muende hospitali. Na ukishaziba mianya kama nilivyosema, jiko lisivuke mlango kabisa.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Tuache kuwaambia wenye ploti “nyumba ni baridi.” Hiyo anaijibu kwa sentensi moja: “Ni Julai, vumilia.” Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye halali hapo. Mwambie: “Dirisha la kusini halifungi, ukuta wa nyuma una unyevu kuanzia bafu la namba 7, na vyumba vyote vya juu havina dari.” Weka picha na tarehe. Mpeleke pamoja, wapangaji wote wa upande huo, kwa sababu mtu mmoja ataambiwa ahame lakini upande mzima hauhamishwi kirahisi.

Vya kitanda, pazia na tishu ni vyetu, tuvifanye leo jioni. Dari, dirisha, waya na bomba ni vyake. Na kama unajua msee au mathe ambaye usiku wa leo ataingiza jiko ndani, usimtumie tu hii. Mpigie simu.