Neno "Kaza" Linahitaji Kipimo

Lugha ya fundi wa baiskeli ina neno moja linalotawala kazi yake: kaza. Katika vibanda vya Kayole, Umoja, Dandora na Makongeni, mwanagenzi hulisikia neno hilo kutwa kucha, na aghalabu huamriwa akaze mpaka nati ikatae. Amri hiyo iliwafaa baba zetu. Baiskeli ya Black Mamba iliundwa kwa chuma, na chuma ni kivumilivu: kikizidiwa hupinda kwanza, kikampa mwenyewe onyo kabla ya kukatika.

Siku hizi, hata hivyo, miongoni mwa baiskeli za mtumba kutoka ng'ambo zimo zenye usukani, uma au nguzo ya kiti vilivyoundwa kwa nyuzi za kaboni. Nyuzi hizi, nyembamba kuliko unywele, hushikanishwa kwa gundi ngumu ya resini. Vifaa vyake ni vyepesi, navyo hustahimili nguvu kubwa inayofuata mwelekeo wa nyuzi. Lakini havistahimili kubanwa ovyo. Bolti ikikazwa kupita kiasi yaweza kupasua tabaka za ndani pasipo alama kuonekana nje, na siku ya kukatika haitangazwi. Kwa mtu aliye katikati ya matatu na malori kwenye Barabara ya Jogoo, usukani kukatika ghafla ni suala la kufa na kupona.

Hoja yangu ni kwamba tatizo hili ni la lugha kama lilivyo la ufundi. Mara nyingi mtengenezaji huchapisha kipimo kwenye kifaa chenyewe, kwa mfano 5 Nm. Fundi huiona alama hiyo, lakini katika msamiati aliorithi hamna neno la kuisomea. Ana "kaza", ana "legeza". Kati ya hayo mawili hana kitu.

Si kwamba Kiswahili hakiwezi. Wanafunzi wa isimu hujua kuwa neno "barabara", mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia. Mkazo ukirudi nyuma silabi moja, maana yake ni sawasawa. Lugha inayotambua tofauti ndogo kiasi hicho haishindwi kutofautisha kukaza na kukaza kwa kipimo. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Istilahi zipo, zimebaki rafuni, hazijafika kibandani.

Ebu tuifasiri hiyo 5 Nm, yaani nyutoni-mita 5. Chukua spana yenye urefu wa sentimita 20 kutoka kwenye bolti hadi mahali unapovutia. Funga hapo mizani ya kuning'iniza, uvute ukiwa umeinyoosha mraba na spana. Mizani ikisoma kilo 2 na nusu, umefika, acha. Kwa spana ya sentimita 10, utaacha kwenye kilo 5. Spana maalumu ya kipimo ni bora zaidi, na mafundi wa mtaa mmoja wanaweza kuchanga wanunue moja. Lakini mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa nguvu yenye kuzungusha hana haja ya kwenda mbali.

Yapo na mengine ya kuwekwa katika maneno. Nguzo ya kiti ya kaboni haipakwi grisi ya kawaida, kwa maana itateleza, na fundi atazidi kukaza. Hupakwa lihamu maalumu yenye chembechembe, inayoishika bila nguvu nyingi. Ikiwa fremu ni ya alumini, nguzo hiyo itolewe mara kwa mara na kusafishwa, kwani kaboni na alumini zikikutana na maji ya chumvi, alumini huliwa na kutu yake nyeupe hadi nguzo ikagandamana. Baada ya ajali, kifaa kifutwe, kikaguliwe kwenye mwanga, kigongwegongwe kwa sarafu. Mlio ukibadilika ukawa mzito mahali pamoja, kisitumiwe mpaka mjuzi akikague. Na hata mlio ukiwa safi, shaka ikibaki, kiwekwe kando. Wahenga walituonya kuhusu ufa tusioziba. Ufa huu hauzibwi kwa mkanda wala gundi ya dukani.

Asiwadharau mtu mafundi hawa. Wapo wanaonyoosha gurudumu kwa kugonga spoki na kusikiliza mlio wake. Sikio hilo ndilo linalohitajika kwa kaboni. Kinachokosekana ni maarifa mapya kuwafikia kwa lugha wanayofundishiana, kwa sababu ufundi wa jua kali hurithiwa kwa mdomo, na kisichotamkika hakirithiwi.

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Hadhi hiyo itakuwa na maana gani iwapo haifiki penye spana? Walimu wa Kiswahili na wa fizikia wa shule za Eastlands wawapeleke wanafunzi vibandani, wakusanye maneno ya mafundi, waongeze yanayopungua, kisha waandike ukurasa mmoja wa maagizo ubandikwe ukutani. Mstari wa kwanza usomeke hivi: kaza kwa kipimo, kisha acha.