Ukingo wa Themi Upangwe Pamoja na Wanaoishi Ukingoni

Mkaazi wa Arusha hahitaji kutambulishwa mto Themi. Unateremka kutoka mlima Meru, unapita katikati ya makazi yetu, unajiunga na Kikuletwa, unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji yake hufuata mto Pangani hadi baharini. Kwa hiyo tunayoyatupa humo, na katika mwenzake Naura, hayaishii Arusha. Mafuta machafu ya gereji, mifuko, taka za sokoni na, inaponyesha mvua kubwa, vyoo vinavyotapishwa usiku ili mafuriko yafiche aibu ya mwenye nyumba: yote hayo yana mtu anayeyapokea huko chini.

Sheria ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kimekataza shughuli za kudumu, au zenye kudhuru, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini mji nao umekua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika jiji la Arusha. Ile ya 2022 ikakuta 617,631. Wapo waliojenga ukingoni, wengi wao si kwa ukaidi, bali kwa kuwa ndipo kiwanja kilipopatikana kwa bei wanayoimudu. Kumchorea mtu kama huyo alama ya X ukutani na kuondoka hakustahili kuitwa mipango miji.

Waliosoma fiqhi watakumbuka mlango wa kuhuisha ardhi mfu, ambamo wanazuoni wamezungumzia harimu ya mto, yaani eneo la pembeni lisilomilikiwa na yeyote. Wanazuoni wa Kishafi walikuwa wakali hapa: kilichojengwa katika harimu huvunjwa, hata kama ni msikiti. Hata hivyo, mipaka ya harimu hawakuiweka kwa namba moja kwa mito yote. Waliitazama haja: mahali pa kutupia tope linalochimbwa mtoni, na nafasi kwa watu kuyafikia maji. Nionavyo mimi, fikra hiyo inasaidia sana. Mita 60 zibaki kuwa sheria, lakini namna ya kuzirejesha, wapi tuanze, nani ahamishwe na apelekwe wapi, ni mambo ya kupimwa kwa miguu, mtaa kwa mtaa, pamoja na wakaazi.

Wala ushirikishwaji wa namna hiyo si ndoto. Dar es Salaam, mwaka 2018, wataalamu, watendaji wa serikali na wawakilishi wa wananchi walikaa vikao vya mfululizo juu ya bonde la Msimbazi, na mwaka uliofuata mpango ukatoka. Malalamiko ya fidia hayakukosekana huko, na sisi tujifunze kwayo: thamani ya nyumba ijadiliwe mapema, kabla tingatinga halijafika. Watu wa Meru wana sababu ya kuwa na hadhari. Mwaka 1951 familia za Wameru ziliondolewa Ngare Nanyuki kwa mpango wa serikali ya kikoloni ya kuwagawia walowezi ardhi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akalifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa. Kumbukumbu ya namna hiyo haifutiki kwa mkutano mmoja wa hadhara.

Aidha, ni kosa kuuanzia mpango mjini. Huko juu mlimani Waarusha na Wameru wamekuwa na mifereji ya kumwagilia, yenye kamati na zamu zake, tangu kabla ya mamlaka yoyote ya maji. Kamati hizo zinajua ni chemchemi ipi imepungua na ni shamba lipi limelimwa hadi mtoni. Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imezipa nafasi jumuiya za watumia maji. Basi wa mifereji, wakulima wa mboga wa chini, mafundi gereji na akina mama wauza sokoni wakutanishwe na jiji pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Haya si mambo ya kusubiri. Mwezi Aprili 2024 mafuriko yalilisomba gari la shule hapa Arusha, na watoto wakapoteza maisha. Makorongo na mito iliyobanwa kwa ujenzi na kujazwa taka hutafuta njia yake yenyewe mvua inapozidi.

Kabla ya masika ijayo, kila mtaa ulio ukingoni uchague watu wake na kutembea sehemu yake ya mto, wakiandika kila bomba linalomwaga humo. Kamati za misikiti zishiriki, na zianze kwa kufuatilia mifereji ya vyoo vyake zenyewe inaishia wapi.